Jani Lisilo na Jicho

Mtu akija kwangu kuomba mmea wa hoya, simpi jani. Namkatia kipande cha shina chenye vifundo viwili, namwonyesha kwa kidole pale jicho la kuchipua lilipo, na namlazimisha aliguse. Wengine wananiona nina kichaa. Mwacheni aseme anayesema. Sebuleni kwangu zimejaa, nyingine zimepanda mpaka darini, na zikichanua, jioni nyumba nzima inanukia hadi wageni wanauliza nimewasha udi gani. Nyingi ni vipandikizi vya mmea wa mama yangu, kwa hiyo siwezi kuzitazama nisimkumbuke.

Mama alikuwa na roho mbaya. Nalisema mapema ili msomaji asikae kungoja nimpambe. Alikuwa mzuri wa sura, Mkristo wa kila Jumapili, fundi cherehani hodari, na roho mbaya. Tulikaa Nyasho, Musoma, kwenye nyumba ya bati ya vyumba vitatu, na sebuleni mmea wake ulizunguka kuta zote nne, ukishikiliwa na misumari aliyoigongomelea mwenyewe. Neno hoya hatukulijua. Tulisema maua ya nta, kwa sababu vile vimaua vyake vya nyota vilikuwa vigumu, vinang'aa, utadhani vimetengenezwa kwa mshumaa.

Aliupata mwaka wa Uhuru. Wengine walipata bendera na ngoma. Yeye alipata maua, kutoka kwa mke wa ofisa wa Kizungu, mteja wake wa nguo. Miaka kadhaa baadaye majumba ya kupangisha yalitaifishwa, na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka akaamua kuwafuata ndugu zake ng'ambo. Mama alikuwa mlangoni kwake kabla masanduku hayajafungwa kamba. Alirudi na aina mbili mpya: moja majani yake yamejikunja na kubanana kama nywele zilizosukwa, nyingine ina majani yenye kingo nyeupe.

"Mtu anayeondoka usimwombe siku ya kuondoka," alinifundisha. "Siku hiyo analia, hakusikii. Mwombe wiki ya nyuma yake, wakati bado anajifanya ana moyo mkubwa."

Kulea alijua, simnyimi haki yake. Hakupenda mkebe mkubwa. Alisema mmea huu mizizi ikibanwa ndipo unapochanua, ukiupa nafasi unanenepesha majani tu. Maji alitoa kwa uchoyo. Na ua likishanyauka, ole wako ukate kile kikonyo kilicholibeba, kwa maana maua yanayofuata hutoka palepale. Mimi nilikikata kimoja nikidhani nasafisha. Alinichapa mpaka jirani akaja kumshika mkono, naye akamwambia jirani angoje zamu yake.

Wanawake wa mtaani walikuja kuomba mbegu. Hakuwahi kumnyima mtu. Aliingia ndani, akachukua wembe, akawakatia jani moja zuri, nene, na kikonyo chake. Hapo ndipo penye uovu wenyewe. Jani la hoya ukilichomeka kwenye udongo huota mizizi, likakaa kijani miaka na miaka. Lakini kama halikukatwa pamoja na kipande cha shina, halina jicho, na lisilo na jicho halichipui kamwe. Linaishi tu. Mama alifundishwa hilo na yule Mzungu. Basi Nyasho yote kukawa na wanawake wanaomwagilia jani mojamoja kwenye mikebe ya mafuta, wakiulizana kisimani, "La kwako limetoa?" Mama akirudi na habari hizo alicheka mpaka akajifuta machozi. Na mimi nilicheka, maana ilichekesha kweli.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, na huko alioa mke wa pili. Alimweka kijijini Kabasa, nyumba moja na bibi, mama yake mzazi. Huyo tulimwita mama mdogo, alitoka pande za Butiama, msichana mpole mwenye mwanya na sauti ndogo. Ng'ombe wa mahari yake walitoka zizini kwa bibi. Miaka ikapita hakuna mtoto, na wakubwa wa ukoo wakaanza kuulizia ng'ombe wao.

Mwaka huo bibi aliugua macho, mama mdogo akamleta hospitali ya Musoma, wakafikia kwetu. Maua yalikuwa yamefunguka. Mama mdogo alisimama chini yake mdomo wazi.

"Dada, hii maua inatoka wapi? Mimi sijaonaga kitu kama hii. Naomba hata kidogo nikapande."

Mama alichukua wembe. Alichagua kwa makini, akakata jani moja, utomvu mweupe ukamchuruzika vidoleni, akampa kwa mikono miwili kama anampa mgeni zawadi.

"Subira yavuta heri, mdogo wangu," alisema. "Siku jani hili litakapochipua, na wewe utachipua."

Kisha akanitazama ili tucheke pamoja baadaye. Hapo sikutaka kucheka. Nilitoka nje kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Lakini bibi, aliyekuwa amekaa mkekani na bandeji machoni, hakusikia tusi. Hakuwa mtu wa kanisa yule. Alikuwa na dini ya wazee wake, na kwake neno la mke mkubwa kwa mke mdogo halikuwa maneno ya barazani. Alinyanyuka akipapasa mpaka akamfikia mama, akatema mate kidogo kiganjani, akampaka kwenye paji la uso.

"Mmesikia wote," alisema. "Mke mkubwa amebariki. Mimi sikujuaga una moyo huu, mwanangu. Sasa hakuna wa kumgusa huyu mtoto mpaka jani ioneshe."

Mama aliganda na mate usoni. 

Na bibi alilishika neno hilo. Wakubwa walipodai ng'ombe, aliwauliza kama jani limekufa. Baba, ambaye kiwandani alikuwa simba, kwa mama yake alikuwa mtoto wa kunyonya. Naye akajibu hivyohivyo, tunasubiri jani. Kila likizo nilipopelekwa Kabasa nililikuta dirishani kwenye mkebe wake, limepanguswa vumbi kwa kitambaa cha maji. "Mwambie dada iko inaishi," mama mdogo aliniagiza. Nilifikisha salamu. Mama aliacha kucheka. Alikuwa amemkatia mwenzake kitu cha kumdhihaki, na hicho hicho ndicho kilichomweka ndoani.

Ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Kwa bibi mgambo walifika asubuhi, wakaezua bati, wakapakia watu kwenye lori, wakawashusha kando ya barabara, kwenye pori lililopimwa mistari. Mama mdogo aliacha kinu, akaacha kuku, akaupakata mkebe. Mvua za kwanza ziliwakuta chini ya kibanda kilichoezekwa nusu. Bibi alishikwa na kifua, na kabla mahindi ya mwaka huo hayajachanua, tukaitwa msibani.

Siku ya kuanua matanga wazee walikaa kwenye viti vya kuazima. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyeanzisha: marehemu ameondoka, mke huyu hana mtoto, ng'ombe wale wana kazi nyingine. Baba aliinamisha kichwa.

"Marehemu alituachia neno," alisema. "Alisema tusubiri jani. Jani iko hai."

 Neno la aliye hai hubishwa. La aliyezikwa juzi nani atalibisha? Mzee mmoja akaitikia, na mwingine, na baba mkubwa mwenyewe akasema basi, kama marehemu alisema, abaki. Mama mdogo alikuwa akigawa togwa. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilifurahi, nikasema moyoni, umepona.

Mama aliinuka. Aliingia kibandani akatoka na mkebe, akaupindua katikati ya wazee. Udongo ulitoka mzima, umeshikana kwa mizizi myeupe iliyojizungusha mara nyingi kwa kukosa pa kwenda, na juu yake lile jani, kijani, linang'aa.

"Tazameni wenyewe," alisema. Alilishika kikonyo akakivunja pale kilipozama udongoni. "Halina jicho. Jani la namna hii halichipui hata likae hapa mpaka kiama. Hamsubiri kitu."

"Nani alimpa?" baba mkubwa aliuliza.

"Mimi."

Nilingoja mtu amkaripie. Hakuna. Wazee walitazamana, na nikaona nyuso zao zinalegea kwa nafuu, wamepata njia ya kulikwepa neno la marehemu bila kulivunja. Baba alikuwa wa kwanza kusema kwamba basi, kama ni hivyo. Ilikubaliwa arudishwe kwao, Butiama, na kaka zake waambiwe waandae ng'ombe.

Mama mdogo aliweka chini jagi la togwa. Alimfuata mama taratibu mpaka wakawa uso kwa uso.

"Dada, ulijua siku ile unakata?"

"Nilijua."

"Mimi kila nikiimwagilia nilikuwaga nakuombea," alisema. "Kila asubuhi. Nilisema, Mungu, huyu dada mpe maisha marefu, maana ni yeye peke yake alinitakia mema."

Hakulia. Angelia ningeweza kustahimili. Mama alikung'uta udongo viganjani.

"Basi kuanzia leo pumzika," alimwambia. "Usiniombee tena."

Jioni tulipata nafasi kwenye lori la pamba lililokuwa likienda Musoma, tukakaa juu ya magunia. Mama alikuwa amechoka kwa msiba. Kabla hatujafika mbali aliegemeza kichwa begani kwangu akasinzia, mdomo wazi kidogo, akipumua kama mtoto mchanga. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Na lori liliporuka kwenye mashimo, nilimzungushia mkono, nikamshika asianguke.