Fundi wa sinema za nyumbani anayeona kwa macho ya mkewe

Saa nne asubuhi, mapazia ya sebule ya mteja yamefungwa. Fundi amepiga magoti mbele ya televisheni, pua inakaribia kugusa kioo. Nyuma yake, kwenye kochi, mkewe amekaza macho kwenye majina ya waigizaji yanayopanda mwishoni mwa filamu.

“Mama Pacha, yanapandaje?”

“Yanasitasita. Kama mtu mwenye goti bovu anapanda ngazi.”

Fundi anapapasa rimoti. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa hiyo: kuondoa mikwaruzo ya mwendo ambayo wengi huiona bila kujua jina lake. Wateja humwita Fundi Laini.

“Filamu nyingi zina picha ishirini na nne kwa sekunde,” anaeleza. “Televisheni nyingi huchora picha upya mara sitini. Hesabu haiingii sawasawa, kwa hiyo picha moja inakaa kidogo, inayofuata inakaa zaidi. Hapo ndipo mwendo unakatikakatika. Dawa yake ni kuiambia mashine ifuate kasi ya filamu.”

Mwaka jana mteja mmoja alimwita arudi. Fundi alitazama, akasema picha haina tatizo.

“Watu wanne sebuleni wanaona kitu kilekile, mimi peke yangu nabisha,” anasema. “Nikawaambia hawajui sinema. Nilitoka pale nimewaudhi.”

Baadaye hospitali walimwambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia linaona kama kupitia bomba. Matone anayotia yanapunguza kasi ya ugonjwa tu. Kilichopotea hakirudi.

Alimficha mkewe habari hiyo kwa miezi miwili. Asubuhi moja akamimina chai pembeni ya kikombe.

“Sikupiga kelele,” anasimulia Mama Pacha, mshona nguo. “Nilifuta meza, nikamuuliza, ‘Tangu lini?’ Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake.”

Tangu siku hiyo cherehani imefunikwa shuka, na Mama Pacha anajifunza kazi ya mumewe. Zamani fundi alihudumia nyumba nane kwa mwezi. Sasa ni tatu, na mbili kati ya hizo ni za watu wanaomwonea huruma.

“Hiyo huruma ndiyo inaniumiza,” anasema.

Sebuleni, majina yanaanza upya. Mkewe anainama mbele.

“Sasa?” fundi anauliza.

“Sasa yanateleza. Acha hapohapo, baba.”

Anaacha. Anabaki akikitazama kioo kitambo, kisha anaanza kukunja nyaya kwa kupapasa.

Wiki ijayo Mama Pacha ataingia nyumba ya mteja peke yake kwa mara ya kwanza. Fundi anataka awe ameiva kabla jicho la kulia halijafunga.

“Nimemwambia asinipigie simu. Akikwama, atulie, afikirie.”

Anaigusa simu mfukoni.

“Lakini nitakuwa nimeishika mkononi.”