Gogo la Mkulo

Ilinichukua siku tano kufika Same: treni kutoka Tabora hadi Morogoro, lori hadi Korogwe nikiwa juu ya magunia ya chumvi, kisha treni tena. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha sekondari na nafasi ya ukarani wa mizigo stesheni. Nimehama mara nyingi tangu hapo, na sasa nimepita arobaini, lakini mji unaonirudia ni ule, mkavu, na milima ya Upare nyuma yake ikishikilia mawingu yasiyoshuka.

Mke wa stesheni masta, Mhindi mzaliwa wa Tanga, alikuwa na tangi la samaki sebuleni. Mumewe alilitengeneza kwa vioo vya dirisha. Ndani mlikuwa na perege wawili walioletwa kwa debe kutoka Mto Pangani. Mchana kutwa mama huyo hakuwa na wa kuzungumza naye ila hao. Jumamosi nikitoka kazini aliniruhusu nikae niwatazame.

Siku moja alinionyesha jike, shavu limevimba, pezi limechanika.

"Karani, siku ya tatu hali kitu. Ana watoto mdomoni, ndimo anamowalea. Huyu dume atamuua kwa kumkimbiza. Nitafutie gogo lenye matawi, apate pa kujificha."

Nikapanda mlimani, kijiji cha Vudee, kwa mzee mmoja seremala, fundi wa milango. Baada ya kumwamkia nilimwambia nataka gogo litakalokaa majini miaka bila kuoza. Sikusema ni la samaki. Niliona haya, mtu aliyepanda mlima kuwatafutia samaki fanicha angechekwa mpaka ateremke.

Mzee hakuuliza. Alichagua kisiki cha mti wa mkulo chenye mizizi iliyotanuka kama vidole.

"Huu mchwa hawaugusi, mwanangu. Mlango wa babu yangu ni mkulo, na bado unafungwa."

Kilinuka kama kafuri. Nilidhani hiyo ni harufu ya usafi.

Nilikikwangua maganda kwa kisu, nikakisugua kwa mchanga, nikakichemsha mara mbili katika nusu pipa nyuma ya stesheni. Kisha nikakiloweka siku nane, nikibadilisha maji niliyoomba kwenye tangi la injini. Maji yalitoka mekundu kama chai ya rangi, yakapungua rangi kila siku. Harufu haikupungua. Nilikifunga kwenye jiwe kwa kamba ya katani kisielee, nikamwambia yule mama kiko tayari.

Jike aliingia kati ya mizizi mara moja. Dume akazunguka, akachoka. Mama alicheka, akaniongezea sukari kwenye chai.

Kesho yake adhuhuri alimtuma mtu aniite. Samaki wote wawili walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakihema. Tulitoa gogo. Tukamwaga nusu ya maji, ndipo tukakumbuka kwamba bomba lilikuwa limekauka tangu juzi, tangi la injini nalo tupu, na behewa la maji lilikuwa bado stesheni ya Makanya. Nilikimbia dukani nikarudi na maji ya kunywa, debe moja, nusu yake imemwagikia suruali. Tukayatia. Hayakupanda hata vidole viwili.

Mama alipiga magoti, viganja kwenye kioo. Jike akafungua mdomo, watoto wakatoka, wadogo kama ufuta. Hakuwarudisha mdomoni. Walishuka chini mmoja mmoja, kisha jike mwenyewe, kisha dume, nasi tukiwatazama.

Wiki ile nilipanda tena Vudee, nikamweleza mzee yote. Aliweka randa chini.

"Mti unaomkataa mchwa utampenda samaki? Ungesema, ningekupa mti wowote ule unaoliwa. Hii milima imejaa."

Nilikubali. Nini kingine ningefanya?

Mama hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema labda ni joto. Mara tatu nilikwenda pale nimwambie ni mti, na mara tatu nikanywa chai nikaondoka. Mwishowe niliomba uhamisho.

Siku ya kuondoka alikuja mpaka kwenye behewa na chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Mimi nilikuwa nimeshapanga, nikifika Korogwe, Mto Pangani uko karibu, nimtumie jozi nyingine ya samaki kwa debe.

"Huko uendako," alisema, "ukiona perege, usiniletee."

Nilimjibu, sawa mama. Mumewe akapuliza filimbi.