Jina Lililotajwa Mlimani

Nyirabizimana aliolewa huko Kivu angali msichana, akazaa, akazika, akakimbia vita mpaka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake. Kwao mkamwana halitaji jina la mkwe, hata ndotoni. Alimwita muzee, basi.

Na mzee huyo ndiye pekee wa ukoo ule aliyekuwa bado na nafasi moyoni mwa mkamwana huyo. Mumewe alipofariki, shemeji yake Natanaeli aliwaswaga ng'ombe wote wa marehemu hata matanga hayajaondolewa. Mzee alichukua fimbo na blanketi lake, akamwacha mwana mwenye ng'ombe, akahamia kwa mkamwana mwenye jembe.

Mwaka huu macho ya mzee yalianza kufifia. Daktari wa Mbarara alisema hayatibiki. Waliporudi na kushuka kwenye gari kambini, Rwekubo, mzee alisema ana haja moja tu, kuyaona mahame ya kale kabla giza halijamfika. Wachunga mbuzi walikuwa wamemwambia kwamba nyuma ya kijiji cha Rubondo kuna kijia chao, na ukifika juu ya kilima unaona ng'ambo ya bonde maboma ya watu wa kale, duara ndani ya duara, mitaro yake haijafukiwa mpaka leo. Natanaeli aliposikia alicheka, akauliza gharama za mazishi zitakuwa juu ya nani. Kesho yake asubuhi Nyirabizimana alifunga viazi kwenye kitenge, wakaondoka.

Kijia kilikuwa kimesimama kama ukuta, changarawe ikiteleza miguuni. Mzee alikataa kushikwa mkono, akatangulia. Vijana wa mbuzi walimtania tangu chini, muzee hivi, muzee vile, muzee unaenda kuposa nani huko juu, mpaka akaacha kugeuka. Kwa hiyo kijia kilipokata kushoto naye akanyoosha kuelekea gengeni, Nyirabizimana aliita muzee, akaita tena, na mzee akaendelea. Alidhani ni walewale.

"Mutware!"

Fimbo ilibaki hewani. Nyirabizimana alipiga magoti kwenye mawe, akaomba radhi kwa kulitaja jina lake, huku amejifunika uso.

"Tangu mama Natanaeli afe, hakuna mutu ameniita vile," mzee alisema. "Nilikuwa naanza kulisahau. Sema tena."

Akasema tena, kwa sauti ndogo. Mzee akanyoosha mkono ashikwe.

Kileleni mzee alitazama sana. Aliona kijani kitupu. Nyirabizimana akaketi ubavuni kwake, jambo ambalo mkamwana hafanyi, akakishika kidole cha mzee na kukizungusha polepole kufuata mtaro wa nje, kisha wa ndani. Kidole kikasimama chenyewe.

"Mulango ulikuwa pale, fasi ile," mzee alisema. "Kwenye maji inateremukia. Hao walijua kufuga."

Kweli, pengo lilikuwa pale. Walikula viazi bila haraka.

Jioni Natanaeli alipita kuona kama kuna aliyevunjika. Nyirabizimana akaleta chai.

"Mutware, chai yako."

Natanaeli aliruka, akasema ukoo umetukanwa. Mzee alipokea kikombe, akapuliza.

"Huyu amenionyesha boma la watu walikufa zamani," alisema. "Wewe, ng'ombe za ndugu yako uliziweka boma gani, nizione macho ingali inafanya kazi?"

Natanaeli akaanza kutafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.