Mkono wa Dobi na Tuta la Nyanya

Mtaa mzima ulimwita Dobi. Hata mumewe, dereva wa lori na mgeni wa kudumu nyumbani kwake mwenyewe, alilifuata jina hilo hilo. Alifua mashuka katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni, mikono kwenye maji ya moto na dawa ya kung'arisha, hata viganja vikawa vyeupe na kupasukapasuka. Mikono hiyo ndiyo iliyomponza.

Alipojifungua binti, mtoto alishikwa na homa kabla hata kitovu hakijadondoka. Mama mkwe akamchukua, akamlaza chumbani kwake, na homa ikashuka yenyewe kama homa zinavyoshuka. Lakini yule mama hakuwa mtu wa kuacha bahati ipite bure.

"Umeona?" alimwambia mwanawe. "Mkono wa mkeo unaua. Mtoto atakaa kwangu."

Dereva akakuna kichwa, akasema mama anajua, akapanda lori lake. Wengine Mungu aliwapa usukani, uti wa mgongo akausahau.

Dobi alilia, akapiga magoti, akabembeleza. Mtoto akaanza kutambaa, na bado alikuwa akibembeleza. Mwishowe mama mkwe akamwonyesha tuta moja nyuma ya jiko.

"Mimi sina roho mbaya, mwanangu. Panda nyanya pale. Siku zitakapoiva mkononi mwako, siku hiyo hiyo mchukue mtoto wako."

Sasa, Dobi alikulia vyumba vya kupanga, ambako kitu pekee kilichoota ni ukungu ukutani. Nyanya husiwa lini, angejulia wapi? Ikabidi aulize, na akamuuliza yule yule.

"Mvua kubwa zikianza tu," mama mkwe alimjibu kwa upole. "Mmea ni maji, mwanangu."

Mvua zikaanza, Dobi akasia. Miche ilichipuka vizuri, hata akawa anaimba akifua. Kisha mvua zikakaza, majani yakatoka madoa ya kahawia, na vinyanya vikaoza vikiwa bado vya kijani. Mama mkwe akambeba mtoto mpaka kwenye tuta. "Tazama, mama," akamwambia mtoto. "Ukiguswa na Dobi unaoza." Mvua zilipokaribia kuisha aling'oa mabaki, akapanda miche yake pale pale, na kiangazi kikamkuta akichuma nyanya nyekundu kwa beseni.

"Tuta ni moja, maji ni yale yale," alisema akiwagawia majirani. "Kilichotofautiana ni mkono."

Ikawa hivyo mwaka huo, na uliofuata, na mingine baada yake. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Lakini mtu akiambiwa kila siku kwamba mkono wake una mauti, hatazami tena majira, anatazama mkono. Dobi aliamini. Alipolala aliificha mikono chini ya mto. Mtoto alijua kuongea, akamwita bibi yake Mama, na mama aliyemzaa, Dobi, kama mtaa mzima.

Aliyemfungua macho ni mpiga pasi wa pale kazini, mropokaji asiyejua kunyamaza, siku Dobi aliposema anawahi nyumbani kusia nyanya.

"Nyanya? Na mvua hii? Nani kakwambia?"

"Mama mkwe wangu."

Mpiga pasi alicheka hata akaunguza foronya. "Huyo hakupendi, dada yangu. Mvua ikipiga majani, nyanya zinaoza zote. Unasia mvua zikielekea mwisho, unahamisha miche jua likishatoka, unamwagilia chini kwenye shina. Basi! Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ndiye dobi!"

Dobi hakucheka. Alikaa juu ya furushi la mashuka machafu, akaitazama mikono yake, akalia kwa hasira mpaka macho yakamvimba.

Mwaka huo alisubiri. Mama mkwe alipiga kelele kwamba msimu unampita, naye akajibu, "Kesho, mama." Mvua zilipochoka alisia kwenye karai bovu kule kazini, miche ilipokomaa akaihamishia tutani. Mama mkwe aliiona imesimama. Alianza tu kujifungia na mtoto kila jioni, na Dobi, akipita na ndoo, alisikia wakinong'ona.

Nyanya zikaiva, zikainamisha matawi. Dobi alichuma beseni zima, akaoga, akavaa gauni lake zuri, akaenda kulitua beseni miguuni pa mama mkwe.

"Zimeiva, mama. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Mama mkwe alichagua moja, akaibonyeza, akaila taratibu kwa chumvi mpaka ikaisha. Akajifuta mdomo.

"Ahadi ni deni," akasema. "Mchukue."

Dobi akapiga magoti, akanyoosha mikono yake miwili. Mtoto akarudi nyuma mpaka ukutani, akavificha viganja vyake kwapani. Mkojo ukamchuruzika miguuni, kisha akakimbia kumng'ang'ania bibi yake.

"Mama!" alimlilia bibi. "Mama, mwambie Dobi asinishike. Nitaoza."