Mama na Karata za Kompyuta

Nyinyi mliokua na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kroshia, tujuane. Enzi zetu kule Nakuru, kompyuta ilikaa sebuleni kama mgeni wa heshima, na kabla ya kuigusa ulivua viatu na kunawa mikono. Baba aliinunua kwenye mnada wa ofisi yao. Intaneti haikuwepo. Ilikuja na michezo miwili tu: wa kutegua mabomu, ambao hatukuwahi kuuelewa, tulibonyeza tu mpaka tukalipuka, na wa karata. Mimi na kaka zangu wawili tulibanana kwenye kiti kimoja, na aliyesukumwa nje alisimama nyuma akitoa amri.

Shida ilikuwa Mama. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na kwake karata zilikuwa kamari tu. "Nyumbani mwangu hamchezwi karata," alisema, na siku aliyotufumania alichomoa waya ukutani bila hata kuizima. Baba nusura alie.

Basi hospitali Mama alikokuwa akipiga taipu nayo ikaletewa kompyuta. Mama akaambiwa mwisho wa mwezi kuna mtihani, na atakayeshindwa hana kazi. Karo yetu sote ilitoka kwenye kazi ile. Vidole vyake vilijua kuandika, ila kipanya kilimshinda kabisa. Alikiinua hewani akakielekeza kwenye skrini kama rimoti. Tulicheka mpaka tulipoona machozi yakimtoka.

Ndipo Kevo, kaka yangu mkubwa, akasema polepole kwamba iko njia moja ya kuzoeza mkono, lakini ni dhambi. Mama akavuta kiti.

"Mungu anaona nia," akasema. "Funga pazia."

Kila akitoka kazini, niliweka mkono wangu juu ya wake, tukaburuta jeki nyeusi hadi juu ya kwini nyekundu. "Bonyeza, Mama, usiachilie. Haya, sasa achilia." Mkono wake ulinukia vitunguu. Kevo alikuwa akipiga kelele nyuma yetu kwamba tumesahau mfalme. Wiki ya tatu karata zilikwisha zote, zikaanza kurukaruka kwenye skrini, na Mama akapiga kigelegele, akakumbuka majirani, akajiziba mdomo. Mtihani alipita. Mkubwa wake alipomwuliza amesomea chuo gani, alijibu kwamba ana walimu watatu nyumbani.

Leo niko Guildford, hapa Sydney, natunza wazee. Kazini wametuletea programu mpya ya simu, kila dawa uandike humo, kila kikombe cha chai uandike humo. Binti yangu Shiro, wa miaka kumi na minne, ana michezo isiyohesabika na anacheza peke yake chumbani na watoto wa nchi asizozijua. Hawa hawajawahi kugombania kiti, maskini. Nikimwomba anielekeze ile programu, ananiambia, "Mum, just give it," anainyakua simu, anabonyeza mara tano, anairudisha kazi imekwisha. Ni mtoto mwema, simlaumu. Ila huwa naachwa nimeishika simu, nina upweke kidogo, na sijui lolote zaidi ya nilivyojua jana. Kwa mwalimu kama huyu, Mama angefukuzwa kazi.