Niliuliza, Hakuna Aliyesema

Majina yao ninayo yote: la mwalimu, la mlinzi wa geti, hata la yule mama wa ofisini aliyepita getini akanitazama viatu. Wanangu wameniomba nisiyaandike. Sawa, siandiki. Lakini sijayasahau, na wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Wakati ule shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, mjukuu wangu alikuwa amebakiza kidogo aingie darasa la mtihani. Mama yake aliuza nyanya soko la Nateete, na wauzaji waliambiwa walale humo humo sokoni. Basi mtoto akabaki nami Kibuli, na shule ikaingia ndani ya simu yangu. Simu yenyewe kioo kilikuwa kimepasuka, ukibonyeza huku inafungua kule.

Netwaki tuliipata mahali pamoja tu: nyuma ya bafu, juu ya jerikani iliyopinduliwa, mkono ukiwa juu. Hapo ndipo alisomea. Mwalimu wa fizikia anatuma kazi, wa jiografia anatuma, wa hesabu anatuma tena kabla ya ile ya kwanza kwisha, kila mmoja kana kwamba mtoto huyu ni wake peke yake, hapiki, hachoti maji, hana macho ya kuuma. Anapiga picha majibu yake, picha inazunguka, inazunguka, haiendi. Bando inakwisha, picha bado inazunguka.

Huyo wa hesabu ndiye aliyesimamia darasa. Uso wake sikuujua, ila sauti niliijua kuliko ya mtangazaji wa redio. Kila baada ya maneno machache anakohoa kidogo, halafu: "Tuko pamoja?" Siku moja shule ilimtaka achunguze kama kazi zimewazidi watoto, na nani anasumbuliwa na simu. Unajua alichunguzaje? Aliuliza kwenye simu hiyo hiyo.

"Kama kuna mwenye shida ya netwaki, au kazi zimemzidi, aseme sasa."

Mjukuu alipiga kelele juu ya jerikani mpaka majirani wakatoka. "Mwalimu, mimi! Mwalimu, mimi hapa!" Sauti yake haikuvuka ua wetu.

"Vizuri," akasema yule. "Hakuna mwenye shida. Basi tutaongeza kidogo. Tuko pamoja?"

Hatukuwa pamoja. Haukupita muda akamtoa kwenye kundi la darasa, eti hana bidii. Shule zilipofunguliwa, wenzake walipanda, yeye akaambiwa arudie mwaka. Alilala amefunika uso, chakula hataki. Nikavaa gomesi yangu ya Krismasi nikaenda shuleni. Mlinzi alinisimamisha getini, akapiga simu ndani, nami nikaisikia ile sauti: "Mwambie jaja wa mtoto niliuliza. Hakuna aliyesema." Nilirudi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nayarudia maneno hayo ili yasinipotee.

Mungu hakunichelewesha. Binti wa kaka yangu akapata mchumba. Kwetu Buganda mwanamume haendi kwa baba wa msichana kabla hajapita kwa senga, yaani shangazi yake. Senga akikataa, hakuna harusi. Mimi niliolewa na polisi wa kaskazini, na Kiswahili hiki ni cha kwenye kota za polisi, lakini usenga hauishi kwa kuolewa. Senga ni mimi.

Walikuja Jumamosi, mchumba na rafiki yake, kanzu nyeupe, koti, vikapu, jogoo. Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikia mtu barazani anakohoa kidogo, anamwuliza mwenzake, "Tuko pamoja?"

Niliweka mwiko chini.

"Funga mlango," nikamwambia binti wa kaka. "Wakae nje." Akacheka, maana masenga huwasumbua wakwe kidogo, ndiyo heshima yenyewe. Nikafungulia redio mpaka mwisho. Kisha nikasimama nyuma ya mlango, nikasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mto wake wa kulalia: "Kama kuna mwenye haja na msichana wa nyumba hii, aseme sasa."

Redio iliimba. Nikafungua mlango.

"Vizuri. Hakuna mwenye haja. Bebeni vikapu vyenu."

"Senga! Hatujasikia kitu!"

"Niliuliza, sebo, bwana wangu. Hakuna aliyesema."

Rafiki yake aliangua kicheko. Mchumba hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetafuta alikoacha ufunguo. Nikamwita mjukuu alete maji ya kunawa. Akapiga magoti mbele ya mgeni, akainua birika, akasema, "Mwalimu, mimi hapa."

Maji yalimwagikia kanzu.

"Senga," akasema, "Jumatatu nitaongea na mkuu wa shule."

"Jumatatu mimi sitakuwa senga yako. Ongea sasa."

Akatoa simu, kubwa, kioo kizima. Akaielekeza dirishani, akaielekeza mlangoni. "Hapa hakuna netwaki."

"Ipo. Mpeleke," nikamwambia mjukuu.

Mwalimu alipanda juu ya jerikani na kanzu yake, mkono mmoja juu, mwingine umeshika ukuta wa bafu. "Halo? Mkuu? Unanisikia? Mkuu, ni mimi! Ni mimi!" Majirani wakatoka. Binti wa kaka aliniomba nipunguze redio. Nikamwambia redio ni yangu. Nikavuta kiti mahali ninapomwona vizuri, nikaendelea kumenya ndizi, pole pole, na rafiki yake akila karanga zangu kwa furaha.

Mkuu alimsikia mwishowe. Mjukuu alipewa mtihani wa kupanda darasa, akaufanya kwenye karatasi, amekaa kwenye dawati kama mtu, akapanda.

Harusi niliiruhusu, na gomesi ile ile niliivaa. Mke nilimpa. Msamaha sijampa, wala sina haraka. Akija kunisalimia hukaa barazani, akakohoa kidogo. Mimi huongeza redio kwanza, ndipo nikamwambia karibu.