Koti Lililorudi Uwanjani

Jumamosi hiyo Kiragu alifika uwanjani Mutuini umande haujakauka, mkuki begani, kitambaa cheupe cha homugadi kimefungwa mkononi. Alikuwa fundi cherehani, si askari. Kwa miaka sita alishonea barazani pa duka la nguo la Harbhajan, kule Bazaar mjini, mpaka kamatakamata ya Aprili, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, ilipomzoa na kumrudisha kwao. Cherehani yake ilibaki mjini, imefunikwa shuka. Bila pasi huendi mjini, na pasi ilipewa aliyejitolea kulinda kijiji. Basi akajitolea. Leo ofisa wa wilaya angekuja mwenyewe kuwatazama, na ambao wangempendeza wangepewa pasi Jumatatu.

Mama yake, Wanjira, hakumkataza. Aliendelea kumpakulia chakula, ila sasa alikipakua akiwa amegeuza uso. Mwaka uliopita mwanawe mdogo, Nderi, alitoka jioni moja akiwa amevaa koti aliloshonewa na Kiragu, asirudi tena. Majirani waliambiwa yuko Nakuru, kwenye mashamba ya wazungu; msitu haukutajwa. Nderi alikuwa amepewa jina la babu yake mzaa mama, ndiyo maana Wanjira alimwita “baba” tangu akiwa mgongoni. Siku hizi hakuwa na wa kumwita hivyo.

Asubuhi ilipita kwa gwaride na kutambaa majanini. Sajenti Muthama, Mkamba aliyepigana Burma, alikuwa akikaukiwa na sauti.

“Kushoto, kulia! Nyinyi mnatembea kama mnakwenda Dagoretti kununua matumbo! Gicheru, huo ni mkuki au fimbo ya kuchungia mbuzi?”

Kisha, ofisa Mzungu alipofika, ikaletwa sanamu: gunia la majani juu ya mti, limevikwa koti.

“Huyu ndiye adui,” Muthama akasema. “Mbio, kelele, mkuki kifuani. Mmoja mmoja.”

Kiragu alikuwa wa tano. Watu wawili walikuwa wameshachoma alipoona mfuko wa kushoto umepinduka, na bitana yake ni ya maua mekundu. Kitambaa cha bitana kilikuwa kimemwishia siku ile alipolishona, akamalizia kwa kipande cha pazia kutoka kwenye mabaki ya Harbhajan. Nderi alikuwa amecheka akasema mfuko wake una bustani.

“Fundi! Umelala?”

Akakimbia. Kelele haikutoka. Na mkono wake, bila kumwuliza, ukaipeleka ncha ya mkuki ubavuni, kwenye mshono, mahali nguo inapoweza kufumuka bila kuchanika.

Uwanja mzima ukacheka. “Ala! Unamchoma adui au unampima suti?” Muthama akauliza.

Ofisa hakucheka. Alimnong’oneza Muthama, na Muthama akageuka. “Bwana anauliza, unaogopa nini?”

Vicheko vikakatika. Wote walijua swali kama lile lilikuwa limewapeleka watu wangapi kizuizini.

“Naogopa kuharibu kitambaa, afande,” Kiragu akasema. “Ni ugonjwa wa kazi.”

Muthama akatafsiri. Ofisa akatabasamu kidogo, akapunga kidole: rudia.

Kiragu akarudia. Alichoma kifuani, akipiga kelele mpaka sauti yake ikamtisha mwenyewe.

“Sawa,” Muthama akasema walipomaliza. “Kwa kuwa unalihurumia koti, nenda nalo ukalitie viraka. Jumamosi ijayo liwe hapa, zima.”

Nyumbani Kiragu alimkuta mama yake kivulini akipukuchua mahindi. Mama alilijua koti kabla halijakunjuliwa. Punje zikamtoka mkononi.

“Limetoka wapi?”

“Lilikuja na lori la polisi, mama, na nguo nyingine. Sijui zaidi.”

“Basi litazame. Wewe ndiye fundi.”

Akalitandaza juani. Matundu ya leo yalikuwa rahisi kuyajua: marefu, nyuzi zake bado nyeupe. Lakini chini ya kwapa la kushoto kulikuwa na kiraka kidogo. Akaingiza kidole kwa ndani. Tundu la mviringo. Pembeni yake doa la kahawia ambalo mtu alijaribu kulifua. Kiragu akalisogeza koti karibu na macho. Nyuzi za kiraka zilikuwa zimelala upande usio wao. Nderi alitumia mkono wa kushoto, na Kiragu alikuwa amemtania kwa mishono ile tangu utotoni.

“Risasi ilipita hapa,” akasema. Mama akamshika mkono. “Lakini amelishona mwenyewe. Tazama. Baada ya risasi aliketi mahali, akatunga uzi.”

“Na baada ya kushona?”

Koti lilikuwa mapajani pa Kiragu, na Nderi hakuwamo.

Wanjira aliingia ndani, akatoka na wembe. Alikifumua kile kiraka uzi mmoja mmoja, akakifunga kwenye pindo la leso yake. “Hiki wasikichome,” akasema. “Hiki ni cha baba.”

Kiragu aliziba matundu yote, na lile la kwapani pia, kwa mishono yake iliyonyooka. Jumatatu alipewa pasi, akaenda mjini, akaifunua cherehani. Jumamosi akalirudisha koti. Likavikwa gunia.

Muthama alilizunguka, akalipapasa. “Fundi, kazi safi! Haya, anza wewe.”

Ofisa alikuwa akitazama. Kiragu akashusha mkuki, akakimbia, na safari hii hakuutafuta mshono.